Sofa la themanini, mlango wa themanini

Wallahi hii ilinitokea mimi mwenyewe hapa Mji wa Kale, na vichochoro vyetu mwavijua, mkikutana na mkokoteni lazima mmoja wenu arudi nyuma. Fundi kanipigia simu, mlango wako upana gani mama? Nikapima, tepu ikasoma sentimita 76, nikamwambia themanini, kwani nani asema sabini na sita kwa simu? Akasema basi sawa, na sofa nalo lina themanini, likitiwa ubavu litapita. Themanini kwa themanini! Nami nikaridhika kabisa.

Hamali wawili wakalisukuma, nusu ikaingia likagoma. Mbele haliendi nyuma halirudi, mimi niko ndani na mahamri yaungua jikoni na wakwe waja baada ya Alasiri, na huko nje ile nusu ya pili ishakaliwa, bibi wa nyumba ya pili kajitandaza, muuza kahawa kaweka dele lake pembeni, na wanisifu juu, "Sofa lako laini, mwanangu!"

Mtoto wa dadangu, yuko fomu tri, badala ya kusukuma kachukua kipande cha makaa anaandika ukutani kwangu, ukuta nimeupaka chokaa juzi tu. "Khalti, ukisema 80 kwa makumi ya karibu, mlango ni 75 ≤ m < 85. Na sofa 75 ≤ s < 85." Nikamwambia hiyo midomo ya mamba utaifuta kwa ulimi. Hasikii! Ati 75 yenyewe imo ndio maana mamba ana kijistari chini, 85 haimo sababu ikifika hapo yahesabiwa 90. Tukapima sofa: 84. "Waona khalti? Nyote wawili mmesema kweli, na halipiti!" Kumbe ningeagiza la 70 lingepita kwa vyovyote, hata likizidi vipi halifiki 75, na mlango haushuki chini ya 75. Sasa hiyo yanifaa nini saa hizi?

Wakwe wakaja. Wakakaa kichochoroni, juu ya sofa, nami nawapitishia chai juu kwa juu kama niko kwenye kioski. Nikampigia fundi aje ang'oe mkono wa sofa. "Dakika kumi tu mama, niko Makupa."

Yule mtoto kashika makaa tena. "Khalti, hiyo kumi kaikadiria hadi ngapi?"

Fundi alifika baada ya Isha.