Hesabu za dukani nazo ni hesabu

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, hisabati hukaa mkiani, na pendekezo lile lile hurudi: wanafunzi wahimizwe kupiga hesabu dukani, shambani na jikoni. Wanaopinga husema mtihani hauulizi bei ya sukari. Husema pia kwamba mzazi akisikia kuuza karanga nako ni kusoma, atamtwisha mtoto sinia asubuhi ya shule. Hofu hiyo ya pili ni ya kweli, ila dawa yake ni kuzuia utoro.

Mwaka 1985 watafiti watatu walichapisha utafiti juu ya watoto watano waliouza bidhaa mitaani mjini Recife, Brazili. Walipoulizwa na mteja, walipatia asilimia 98 ya maswali. Hesabu za aina hiyo hiyo zilipoandikwa kwenye karatasi, namba tupu, walipatia asilimia 37. Watoto watano ni wachache, sawa, lakini tazama namna walivyokosea. Mmoja, wa miaka 12, aliulizwa bei ya nazi nne za 35 kila moja. Alianza na tatu, 105. Akaongeza 30, ikawa 135. Akamalizia tano, 140. Alipopewa karatasi yenye 35 × 4 akaandika 200. Nne mara tano ishirini, akabeba mbili, akaijumlisha na ile tatu kabla ya kuzidisha, akapata tano. Nne mara tano ishirini tena. Kwenye biashara asingemtajia mteja 200, maana nazi nne za 50 ndizo hufika hapo. Kwenye karatasi hakukuwa na nazi ya kumshtua.

Na mbinu yake ni hisabati halali. Sukari ikiwa 3,200 kwa kilo, anayetumwa robo tatu huchukua nusu, 1,600, akaongeza robo, 800: 2,400. Darasani njia hiyo mara nyingi hupigwa mkasi kwa sababu "haijaonyesha kazi".

Zoezi lenyewe ni jepesi. Daftari liwe na safu tatu: kadirio, hesabu, kilicholipwa. Kadirio liandikwe kabla ya kutoka nyumbani. Wengi hulijaza baada ya kupewa chenji, na hapo zoezi limekufa. Kesho yake wanafunzi wawili waandike njia zao ubaoni, zilinganishwe.

Wapinzani wanapatia mahali pamoja: kichwa cha sokoni kina kikomo. Chukua mkopo wa "kausha damu", ule wa mtaani wenye riba kali, wa 300,000, unaorejeshwa 12,000 kila siku kwa siku 30. Jumla ni 360,000, na mtaani watakwambia riba ni asilimia 20. Lakini deni linapungua kila siku: katika kila 12,000, 10,000 ni ya mkopo wenyewe, hivyo siku ya kwanza anadaiwa 300,000 na ya mwisho 10,000. Kwa wastani mkopaji anakuwa na kama 155,000 tu mkononi, kwa hiyo 60,000 ile inakaribia asilimia 39 kwa mwezi. Kuliona hilo kunahitaji jedwali, na jedwali hufundishwa darasani. Mwanafunzi alichore huko, siku 30 zote, kisha alipeleke nyumbani.