Leza shimoni: paili ikifaulu jaribio la mzigo, mparuzo wake bado unatuhusu?

Watu wa saiti wana hoja fupi, nayo ina uzito. Paili ya majaribio, yaani nguzo ya zege ya msingi iliyozamishwa ardhini, imebebeshwa mzigo mkubwa kuliko ule itakaoubeba maisha yake yote, imedidimia milimita chache, ikatulia. Ndani ya matokeo hayo kila kitu kimo: mwamba, zege, mkono wa mchimbaji, na huo mparuzo wa kuta za shimo, yaani vijino na mifuo yake, ambao wahandisi wa maofisini wanaushupalia. Kwa nini basi ushushe leza shimoni kuhesabu vijino vya milimita tatu tatu, huku gari la zege linanguruma getini na mwamba unazidi kulainika?

Niliikubali hoja hiyo kwa muda mrefu, na nusu yake naikubali hadi leo. Nusu ya pili huanguka pale unapouliza swali dogo: paili iliyojaribiwa ilikuwa na kipenyo gani?

Tuzungumzie paili zinazochorongwa ndani ya mwamba laini, maana huko ndiko mparuzo hufanya kazi kubwa kweli. Keekee, yaani mashine ya kuchoronga, ikishuka huacha mifuo ukutani. Zege likimiminwa huijaza, na likishika linakuwa na vijino vilivyoumana na vijino vya mwamba. Jengo likianza kulemea, paili huteleza chini kidogo, vijino vikapandiana, na paili ikahitaji nafasi ya ziada ubavuni. Mwamba hautoi nafasi hiyo. Unabana. Kadiri unavyobana ndivyo msuguano unavyopanda, na sehemu kubwa ya uwezo wa paili ya namna hii hutoka hapo.

Mbano huo unakadirika kwa hesabu ya kawaida: chukua moduli ya unyumbufu ya mwamba (kipimo cha jinsi unavyokataa kubonyea), uigawe kwa nusu kipenyo cha shimo kilichozidishwa kwa moja jumlisha uwiano wa Poisson (kiasi ambacho kitu hutanuka kando kikibanwa). Tuseme moduli ni megapaskali 500 na uwiano ni 0.25. Kwa paili ya kipenyo cha milimita 600, kila milimita moja ya kutanuka huongeza mbano wa kilopaskali 1,333 hivi. Kwa paili ya milimita 1,500, milimita ileile huongeza 533 tu. Mwamba haukubadilika, wala urefu wa vijino. Kimebadilika kipenyo, na mbano umebaki asilimia 40 ya ule wa kwanza.

Sasa tazama majaribio yanavyopangwa. Kuibebesha paili ya milimita 1,500 hadi ishindwe kunadai mzigo wa kutisha na fedha za kutisha. Kwa hiyo mara nyingi hujaribiwa paili ndogo, kisha msuguano uliopatikana kwa kila mita ya mraba huhamishiwa kwenye kubwa. Jaribio halikusema uongo. Liliulizwa habari za paili ndogo, likajibu habari za paili ndogo. Sisi ndio tuliolibebesha jibu la paili nyingine.

Kweli, vijino havipandiani milele. Vingine hukatika njiani, na tofauti halisi huwa ndogo kuliko hesabu hiyo tupu. Ila haipotei. Horvath, Kenney na Kozicki, waliofanyia majaribio yao Canada na kuyachapisha mwaka 1983, walipendekeza kipimo kinachogawa wastani wa urefu wa vijino kwa nusu kipenyo, kisha kuzidisha kwa urefu wa ukuta ukifuatwa bonde kwa kilima, uliogawanywa kwa urefu wake ulionyooka. Msuguano hufuata kipimo hicho kikipandishwa kwa kipeo cha 0.45. Acha vijino kama vilivyo, toka milimita 600 uende 1,500, na msuguano wa kila mita ya mraba unashuka hadi takriban theluthi mbili. Theluthi nzima imeyeyuka! Mhandisi anayebishana wiki nzima juu ya gredi ya zege huipita theluthi hiyo bila hata kugeuza shingo.

Anaweza kujitetea kwamba mashine kubwa huacha mifuo yenye kina zaidi, kwa hiyo paili kubwa inajifidia yenyewe. Inawezekana. Lakini hilo utalijuaje bila kupima mashimo yote mawili?

Njia iliyozoeleka ni jicho. Mwaka 1980 Pells, Rowe na Turner waligawa mashimo ya mwamba wa mchanga wa Sydney katika madaraja manne. R1 ni ukuta wenye mifuo ambayo kina chake hakifiki milimita moja. R2 ni milimita 1 hadi 4. R3 ni 4 hadi 10. R4 ni zaidi ya 10. Ni mgawanyo wa watu wenye akili, na umesaidia wengi. Ila msimamizi aliyesimama mdomoni mwa shimo na tochi, au anayetazama picha ya kamera iliyoloa, atatofautisha vipi mfuo wa milimita tatu na nusu na wa nne na nusu? Mpaka wa R2 na R3 unapita katikati yao. Tena madaraja hayo yalizaliwa Sydney. Mwamba wa matumbawe wa pwani yetu una matundu yake ya asili, na tundu si mfuo: linaweza kumeza zege bila kuipa paili jino hata moja la maana.

Ndiyo maana watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash kule Melbourne, akiwamo Julian Seidel na Chris Haberfield, hawakuridhika na madaraja. Walichunguza jinsi zege na mwamba vinavyosuguana pale ubavu unapokataa kutanuka, na kutoka katika kundi hilo kikaja kifaa cha leza cha kushusha shimoni na kuchora ukuta ulivyo. Kinachopatikana ni umbo zima la ukuta, na mtu anaweza kulirudia mezani kesho na keshokutwa kwa swali jipya.

Wapinzani nao wana haki yao. Leza ya kawaida inahitaji hewa iliyo wazi. Shimo likijaa bentonaiti, ule uji wa udongo unaozuia kuta zisiporomoke, haioni kitu, na vifaa vya mawimbi ya sauti vinavyotumika humo huonyesha shimo limepinda wapi, si mifuo ya milimita mbili. Pia muda wa kupima ni muda wa mwamba wa tope kunywa maji na kulainika. Hoja inayonisumbua kuliko zote ni ya utelezi: keekee inaweza kupaka ukuta tope lililosagwa, na leza ikalipima tope hilo kama mwamba. Umbo litakuwa zuri, na kati ya zege na mwamba kukawa na kitu kama sabuni. Hapo jaribio la mzigo linajua jambo ambalo leza hailijui, na sina jibu zaidi ya kusugua ukuta kwanza na kupima baadaye.

Kuna pia suala la kipimo chenyewe. Ule urefu wa bonde kwa kilima hauna mwisho: ukichukua nukta kila milimita kumi utapata urefu mmoja, ukichukua kila nusu milimita utapata mkubwa zaidi. Ni sawa na kupima ufukwe wa visiwa vya Lamu kwa boti, kisha kwa miguu ukifuata kila kijito cha mikoko. Ripoti inayotaja mparuzo bila kutaja nafasi kati ya nukta haijasema kitu. Kwenye mchanga jambo hili ni kali zaidi. Uesugi na Kishida walionyesha mwaka 1986, kwa mchanga na chuma, kwamba mparuzo una maana ukilinganishwa na punje: wao waliupima ndani ya urefu unaolingana na kipenyo cha punje ya wastani. Punje ikiwa ya milimita 0.2, skana ya kupimia majengo, yenye kosa la milimita moja au mbili, haina la kukuambia. Kwa paili iliyotupwa kiwandani, yenye nyuso tatu zilizolala kwenye fomu ya chuma na wa nne uliopigwa mwiko, itabidi ukate kipande ukipeleke chini ya leza ya maabara.

Pamoja na hayo yote, ningekuwa naandika masharti ya mradi ningedai leza kwenye mashimo mawili tu: la paili ya majaribio, na la paili kubwa ya kwanza, yote yakiwa makavu na yamesuguliwa, kabla nondo hazijashushwa. La kwanza litaeleza kwa nini jaribio lilitoa tarakimu liliyotoa. La pili litaonyesha kama paili kubwa ina haki ya kuitumia tarakimu hiyo. Mashimo yaliyobaki msimamizi atayatazama kwa tochi yake kama kawaida, akiwa na michoro hiyo miwili mkononi.