Mwandaaji wa maonyesho anapokuwa pia dalali

Februari 2020, katika mnada wa Phillips jijini London, mchoro wa Amoako Boafo wa Ghana uitwao The Lemon Bathing Suit ulinunuliwa kwa pauni 675,000. Makadirio ya kabla ya mnada yalikuwa kati ya pauni 30,000 na 50,000, na mchoro wenyewe ulikuwa wa mwaka 2019 tu, rangi ndiyo kwanza imekauka. Bei za namna hiyo zimezidisha mabishano juu ya mtu mwenye kofia mbili: anaandaa maonyesho ya wachoraji Weusi, na papo hapo anawashauri matajiri wanunue kazi zipi.

Wanaomtetea wana hoja nzito. Kwa miongo mingi makumbusho makubwa ya Marekani na Ulaya yaliwapita wachoraji Weusi kana kwamba hawapo. Studio Museum ya Harlem ilianzishwa mwaka 1968 kuziba pengo hilo. Na soko halifunguki kwa hotuba, linahitaji mtu aliye ndani. Antwaun Sargent, mwandishi kutoka Chicago, aliajiriwa mwaka 2021 na Gagosian, galari kubwa ya kibiashara. Onyesho lake la kwanza pale, Social Works, liliwaweka pamoja Theaster Gates, Carrie Mae Weems, Rick Lowe na wenzao, wasanii ambao kazi zao zimeshikana na mitaa wanakoishi Weusi. Muda si mrefu Lowe akawa mmoja wa wasanii wa Gagosian. Ukosoaji mtupu haukuwahi kumfikisha msanii hapo.

Lakini anayetuambia kazi fulani ni muhimu, huku akipata kamisheni ikinunuliwa, ushauri wake tuupokeeje? Hapa wapinzani wananishawishi zaidi, kwa sababu hasara humwangukia msanii. Past Times, mchoro wa Mmarekani Mweusi Kerry James Marshall, ulinunuliwa mwaka 1997 na mamlaka ya kumbi za mikutano ya Chicago kwa dola 25,000. Mwaka 2018 ukauzwa katika mnada wa Sotheby's kwa dola milioni 21.1. Marshall hakuambulia chochote, maana sheria ya Marekani haimpi msanii fungu la mauzo ya baadaye. Naye alikuwa mkongwe mwenye jina. Kijana ambaye walanguzi wamempandishia bei ndani ya miezi kumi na minane hana ngao hiyo. Soko lilipopoa baada ya 2022, bei za wachoraji vijana wengi wa Kiafrika zilishuka mnadani, na walanguzi walishahamia kwingine. Tena soko lilitaka picha za watu, picha za watu, na wasiochora nyuso wakasahaulika.

Wengi humtaja Koyo Kouoh, mwandaaji wa maonyesho aliyefanya kazi kwenye taasisi badala ya soko, kama njia mbadala, nami namheshimu mno. Alianzisha kituo cha sanaa cha RAW Material Company mjini Dakar, akayaongoza makumbusho ya sanaa ya Zeitz MOCAA ya Cape Town kuanzia 2019, na mwaka 2022 akafungua pale When We See Us, onyesho la miaka mia moja ya watu Weusi katika uchoraji. Alifariki Mei 2025 akiwa anaandaa Biennale ya Venice ya 2026, onyesho kubwa la sanaa la kimataifa. Hata hivyo makumbusho yale yalizaliwa kwa mkusanyiko wa tajiri mmoja, Jochen Zeitz. Fedha binafsi zimo kila mahali, hivyo kumfukuza mshauri hakutatui kitu.

Ninachodai ni masharti. Mshauri huyo atangaze wazi anayemlipa na kazi anazomiliki mwenyewe. Mikataba anayosimamia imzuie mnunuzi kuuza kwa miaka kadhaa, na akitaka kuuza aanze kwa msanii au galari yake. Makumbusho ya umma yapewe nafasi kabla ya sebule za watu. Na wateja wake awapeleke pia kwenye taasisi ambazo wasanii wenyewe wamezijenga nyumbani: dot.ateliers, kituo cha wasanii cha Boafo kule Accra, na NCAI (Nairobi Contemporary Art Institute), iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage jijini Nairobi, ambako kijana wa Kayole anaweza kuiona sanaa ya Afrika Mashariki bila kuomba viza.