Eti leza siyo ngozi

Hilo ndo jibu nililopewa Jumamosi, dukani, mbele za watu. Nilirudisha moka nilizonunua sh 65,000 kwa ajili ya harusi ya binamu yangu Chumbageni, nimezivaa mara tatu, mara tatu jamani, na pale kiatu kinapokunja zishaanza kubanduka kama mtu mwenye mba. Nikamuuliza yule dogo, si uliniambia hizi ngozi? Akaniangalia kwa huruma kabisa. "Mi nilikwambia leza, kaka. Leza siyo ngozi. Ungetaka ngozi ungesema ngozi."

Nikakosa la kusema, nikaondoka nimenuna, ila mpaka nafika Ngamiani nawaza huyu mtoto kasema kweli bila kujua.

Maana leza kwa Waingereza wenyewe ni ngozi ya mnyama iliyotengenezwa isioze, basi. Likavuka bahari, likafika kwetu likawa jina la chochote kinachong'aa. Koti la leza, begi la leza, sofa za leza zinazokugandia mapaja hili joto la Tanga. Lakini nenda machinjioni uone kama kuna mtu atakwambia chukua na leza ya ng'ombe wako! Pale wote wanakumbuka Kiswahili.

Na Kiswahili hapa hakina ujanja. Yangu ngozi, ya mbuzi ngozi, iliyowambwa kwenye ngoma ngozi, ya kiatu ngozi. Neno moja, na lazima ujue kulikuwa na kiumbe ndani. Ndo maana muuza duka analikwepa, likimtoka mdomoni atakuwa amesema uongo, leza inampa mlango wa nyuma. Mwamba ngoma huvutia ngozi kwake, huyu wangu kavutia na ngozi yenyewe haipo.

Nikampelekea mzee mmoja fundi viatu, Barabara ya 12. Hata hakuvaa miwani. Akachukua kisu akakwangua ukingo: chini kitambaa cheupe, juu utando mwembamba wa plastiki, unauvuta unatoka kama ngozi ya maziwa (haya, ngozi tena). Halafu akatoa kipande cha ngozi ya ng'ombe toka kwenye boksi lake, ukingo wake una nyuzi zimesokotana huzioni zinaanzia wapi. "Hii ukiichoma inanuka nywele," akasema, "hiyo yako itayeyuka, mwanangu, unataka nijaribu?" Nikamwambia aache tu. Akaanza na habari za zamani, ngozi zikilowekwa kwa magome ya mkoko zinatoka nyekundu nyekundu, mkoko huu huu wa pwani yetu, nikakaa pale saa nzima na shughuli zangu nimesahau.

Na ule utando unaharibiwa na joto na unyevu, yaani Tanga yote. Hata ukiuweka kabatini usiuvae unaoza wenyewe. Sasa kiatu cha hivyo unamuuzia mtu wa pwani kwa nini?

Sawa, najua, si kila mtu ana hela ya ngozi, na ng'ombe angepewa kura angechagua plastiki. Hata mpira, watangazaji wanaita gozi mpaka leo wakati Kombe la Dunia liliachana na ngozi tangu 1986, na sijawahi kulalamika, Coastal wakifunga mi nashangilia tu. Plastiki siichukii. Niambie plastiki, nilipe bei ya plastiki, tuachane kwa amani.

Fundi kanigandishia zile moka kwa sh 3,000, kisha akaniambia nisimdai zikibanduka. Sasa ziko mlangoni, binti yangu anazimenya maganda moja moja anampelekea paka.

Kama kuna mtu humu anamjua fundi anayeshona makubadhi ya ngozi hapa Tanga, anielekeze. Navaa namba 42. Na tafadhali, ukiniandikia leza sijibu.