Duka letu ni la msaada ndiyo, lakini bati bovu hatuuzi

Kuna kauli naisikia sana dukani kwetu hapa Mbeya. Mtu anashusha mzigo kwenye kirikuu, akiona tumeanza kuchambua anasema "dada, si mnawauzia wasio na uwezo hawa, pokeeni tu vyote". Kiukweli inaniuma. Yaani mtu kwa vile hana hela ndo avujiwe?

Kwa wasiotujua, tunapokea vifaa vilivyotoka kwenye nyumba zilizobomolewa, milango, fremu, mabati, mbao za kenchi, masinki, tunavisafisha tunauza kwa bei ya chini, na faida haiingii mfukoni mwa mtu, inaenda kukarabati nyumba za wazee wasiojiweza. Wazo lenyewe sio geni, Habitat for Humanity, shirika linalojengea nyumba wasio na uwezo, walifungua duka lao la kwanza la namna hii, wanaliita ReStore, huko Winnipeg, Kanada, mwaka 1991, na mpaka leo hela za maduka hayo zinasaidia kujenga nyumba.

Sasa msimamo wangu ni kwamba duka la hivi linatakiwa kuchagua mzigo kuliko hata duka la kawaida, kwa sababu mteja wetu akiuziwa bati la hovyo hana hela ya kununua lingine, na mvua za huku zikishika Novemba ni mpaka Aprili, Mei, Rungwe huko ndo usiseme. Bati la mtumba tunaliinua juani mtu anasimama chini yake anatafuta vitundu. Halafu tunaangalia misumari ilipigwa wapi. Kama ni mgongoni sawa, yale matundu yanazibika, ila kama fundi wa mwanzo alipiga bondeni maji yanapopita, hilo haliendi kwenye nyumba ya mtu, labda uzio wa bustani, na tunaliandika hivyo hivyo kwa chaki kila mtu aone.

Nondo zilizopinda ndo usumbufu mwingine, utasikia "mnanyoosha tu". Nondo ikipindwa ikanyooshwa inadhoofika pale pale ilipopinda, kwahiyo kwa mtu wa nguzo au lenta hatuuzi, inaenda kwa watu wa skrapa. Mabati ya asbesto hata kwa bure hatuchukui, vumbi lake linaleta kansa.

Ila mbao jamani! Unaletewa mlango umepakwa rangi juu ya rangi, bluu juu ya kijani juu ya kahawia, unaukwangua kwa kipande cha kioo unakutana na mninga umetulia, haujapinda popote, viungio vimekazwa kwa vigingi vya mbao bila msumari hata mmoja. Paina ya Sao Hill, lile shamba la miti la Mufindi, siisemi vibaya, ikitiwa dawa ni kenchi nzuri tu, lakini mlango wa mninga wa namna hii kuuacha uwe kuni ni dhambi. Na kwenye mbao zote tunang'oa kila msumari, maana mmoja tu ukibaki ndani unaharibu randa ya seremala.

Wengine wanauliza mbona mnauza, si mngegawa? Hapana, nakataa kabisa. Ukigawa bure wa kwanza kufika ni dalali na wenye kujuana, kesho unavikuta vitu vile vile sokoni Mwanjelwa vinauzwa bei ya juu, na yule mama aliyekuwa anajichanga apate dirisha moja hajapata kitu. Bei tunaibandika, ni moja kwa wote, na anayelipa ana haki ya kukagua na kukataa.

Kwahiyo kama una nyumba ya kubomoa, iwe Iyunga, Uyole au hata Tukuyu, tuite kabla greda halijafika. Mafundi wetu wanaanza na milango na madirisha, halafu wanashusha paa bati moja moja, kazi inachukua muda kidogo ndiyo, vumilieni, kwa sababu fremu ikishavutwa na greda inapasuka kwenye viungio na hapo hata sisi hatuna cha kuifanya.