Miche Imenihamisha Nyumbani Kwangu

Msimu huu wa baridi nyumba yetu ina mkeka mmoja tu unaopashwa joto kwa umeme, na wanaoulalia ni miche ya nyanya. Mke wangu amenieleza, kwa subira ambayo hanionyeshi katika mambo mengine, kwamba mbegu ya nyanya huota vizuri udongo ukiwa na joto la nyuzi 21 hadi 27, na kwamba pilipili hoho hupenda hata zaidi ya hapo. Nilipouliza mtu mzima hustahili nyuzi ngapi, nilielekezwa kwenye kabati la masweta.

Suala la taa ndilo linaloniuma zaidi. Jua la majira haya huchungulia dirishani kwa muda mfupi na kutoweka, na mche usioshiba mwanga hurefuka, ukapauka na kuegemea upande kama mlevi anayetafuta ukuta. Kwa hiyo taa zimening'inizwa sentimita chache juu ya majani, na huwaka kwa muda wa saa 14 hadi 16 kila siku. Mimi nikisahau kuzima taa ya bafuni, nasomewa bili ya umeme mstari kwa mstari.

Hoho zinaweza kukaa udongoni wiki mbili, hata tatu, bila kuonyesha dalili yoyote ya uhai, na hakuna anayeziita zembe. Mimi nikijinyoosha kochini Jumamosi mchana, maneno hayakosekani.

Halafu kuna kinyausho. Udongo ukilowa kupita kiasi, vimelea hushambulia shina pale linapotokea ardhini, na mche uliosimama wima jana usiku hukutwa asubuhi umelala kifudifudi. Kinga yake, naambiwa, ni kumwagilia kwa kiasi, maji yakinywewa kutoka chini ya trei, na kuhakikisha kuwa hewa inazunguka. Hewa hiyo huzungushwa na feni. Naam, feni, nje kukiwa na theluji, na upepo wake ukishapapasa majani huja kuishia shingoni mwangu, kwa sababu trei zimeikalia meza ya chakula na kiti changu ndicho kilichobaki mkabala nayo.

Kila tundu la trei hutiwa mbegu mbili au tatu ili mche dhaifu ukatwe baadaye kwa mkasi, lakini mwenye mkasi ana huruma nyingi mno, hivyo hatukati, tunagawanya, na kila mgawanyo hudai trei nyingine.

Baridi ikipungua, miche haitolewi nje kwa mkupuo. Huzoeshwa: saa moja au mbili kivulini siku ya kwanza, muda kidogo zaidi kesho yake, na kurudishwa ndani kila jioni, kwa siku 7 hadi 10. Nimekwisha kuarifiwa ni nani atakayebeba trei hizo. Nimeomba mgongo wangu nao uzoeshwe polepole kwa utaratibu huohuo, nikajibiwa kwamba mgongo wangu si mche.