Mentholi haishushi homa
Ndugu mwandishi, umesema mentholi, ile kemikali ya nanaa inayoleta ubaridi, hushusha joto la mwili na kuzibua pua. Hapana. Huamsha kipokezi cha baridi kwenye neva, ubongo ukadhani pamepoa, ilhali joto la mwili liko palepale. Utafiti wa kipokezi hicho ni sehemu ya kazi iliyowapa wanasayansi David Julius na Ardem Patapoutian Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Pua nayo hubaki imeziba, ila hewa huhisika nyepesi. Kina mama wenzangu wa Mombasa, joto hili la kaskazi lisituponze: tusimpake mtoto mchanga dawa ya kuchua yenye mentholi puani wala kifuani, yaweza kumbana pumzi. Akiwa na homa, tumpeleke hospitali.